Aliyepima Mto kwa Tete

Alikuwa hapandi gari kabla hajagusa magurudumu. Anazunguka taratibu, anaweka kiganja kwenye kila tairi kama mama anayepima homa ya mtoto, ndipo anakaa kiti cha mbele na kufunga mlango kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza jambo hilo liliniudhi. Gari nalitunza mimi, upepo wa kila tairi naujua mimi, leo aje mtu asiyejua hata kuwasha redio anikague? Mwaka wa pili nikazoea. Baadaye ikawa siku akisahau, mimi ndiye nashindwa kuondoka.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja ya wageni pale Lipangalala. Wageni wakitaka kuliona bonde, bosi alikuwa akimkodi huyu mama kutoka Michenga awaongoze. Sisi sote tulimwita Kiongozi. Jina lake nalijua, ila sitaliandika, maana sikumwomba ruhusa, na yeye ni mtu wa ruhusa.

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nina daftari ninaloandika jioni mambo ya siku. Haya nimeyatoa humo. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Na niseme mapema, msomaji asije akanidhania mwema kuliko nilivyo: Kiongozi aliikosa kazi hiyo kwa neno langu moja. Nitafika huko. Kwanza nimweleze yeye, kwa sababu nikianza na kosa langu, habari yote itakuwa yangu.

Safari yetu ya kawaida ilikuwa barabara ya Mlimba. Unatoka Ifakara asubuhi, unapita Katindiuka, na kuanzia hapo mkono wa kulia ni milima iliyovaa ukungu mpaka kiunoni, mkono wa kushoto ni bonde tambarare, mpunga mpaka macho yachoke. Kila baada ya mwendo mfupi kuna kijito kinachoshuka milimani kukatiza barabara. Nimeipita mara nyingi sana barabara ile na bado siku nyingine nasahau kubadilisha gia.

Wageni walizoea viongozi wanaoongea. Huyu hakuwa akilala, lakini alikuwa anafumba macho tukishavuka Katindiuka, na wageni wananitazama mimi kama wanaouliza, ndiyo huyu tuliyemkodi? Halafu mahali fulani anasema, bila kufumbua macho, "Simama hapa." Unasimama, na kweli ni pale ambapo bonde lote linafunguka. Nilimuuliza anajuaje. Akasema barabara inabadilisha sauti. Mimi nilisikiliza mwaka mzima, sikusikia mabadiliko yoyote.

Isionekane kwamba alikuwa hakosei. Asubuhi moja alimsimamisha mzee mmoja na mkewe mbele ya ukungu mzito, akanyoosha mkono wote, akawaambia nyuma ya ukungu huo kuna mlima mzuri kuliko yote ya upande huu. Wakaupiga picha ukungu. Tukangoja. Ukungu ulipoondoka, palikuwa na kichuguu na mbuzi wawili. Kiongozi alicheka mpaka akakaa chini. "Mlima umehama," alisema. "Tuufuate." Ulikuwa mbele kidogo tu, alikuwa ametusimamisha mapema.

Aliingiaje kwenye kazi hii? Kwa samaki. Miaka mingi alikuwa akinunua samaki wakavu kwenye kambi za wavuvi na kuwabeba kwenye tenga kichwani, kijiji hadi kijiji. Kwa hiyo bonde alilijua kwa miguu, na watu wake aliwajua kwa madeni ya salamu. Hilo ndilo lilikuwa somo lake kubwa kwa wageni: hupigi picha kabla hujasalimia.

Kuna bwana mmoja wa Arusha alikuja na kamera ndefu kama bomba. Akamwona mama yuko juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga ambako watu hukaa kufukuza ndege. Akainua kamera.

"Hujasalimia," Kiongozi akamwambia.

"Yuko mbali mno, mama."

"Sauti si unayo?"

Yule bwana akazungushia mdomo viganja. "Shikamoo, mama!"

Kutoka juu ikaja sauti kali: "Marahaba! Kama una adabu hivyo, njoo unifukuzie ndege nishuke nikapike!"

Akapanda kweli. Alikaa kule juu akipiga debe na kupiga kelele, shati limemlowa jasho, na mwenye shamba amekaa chini anampangia kazi: "Kule! Wanakula kule, baba, amka!" Alipoondoka alisema picha zake zote za siku ile zilikuwa nzuri, lakini aliyoipenda ni ile aliyopigwa na Kiongozi, yeye mwenyewe akiwa juu na debe.

Mambo yake mengine yalipingana, na sijui niyapange vipi. Mtoni alikuwa hana woga. Ataingia maji ya kiunoni, kanga imefungwa kifuani, anatafuta kwa nyayo mahali penye changarawe. Lakini tukipita daraja kubwa la Kilombero kwenda upande wa Mahenge, anashika kiti kwa nguvu mpaka ng'ambo. Nilimcheka. Akasema, "Mtoni najua ninakanyaga nini. Hapa nakanyaga alichokanyaga injinia."

Na suala la mifugo. Tangu Michenga mpaka mbele alikuwa akiwasema ng'ombe: wamekanyaga hiki, wamekula kile, bonde limegeuka zizi. Halafu gari likikaribia kwa mzee mmoja Msukuma, mfugaji aliyehamia miaka ya karibuni, anataka tusimame. "Mwangaluka!" anamsalimu kwa Kisukuma tokea barabarani, na yule mzee anatoka anacheka.

"Umekuja kunihesabia ng'ombe tena, Kiongozi?"

"Nimekuja kunywa maziwa. Kuhesabu nimeshahesabu njiani, kwenye mpunga wa watu."

"Mpunga wenyewe mmeupanda kwenye njia ya kunyweshea."

"Njia yako ilianza lini?"

"Na mpunga wako ulianza lini?"

Wanacheka, lakini siyo kicheko kitupu, na wageni wanajua. Nilipomuuliza mbona anawasema watu na kunywa maziwa yao, alisema, "Nawasema ng'ombe. Mtu namsalimu." Mimi nimekaa na wote wawili. Mkulima aliyeamka akakuta jasho lake limelaliwa ana haki ya kulia, na mfugaji aliyeambiwa hapa siyo, na pale siyo, naye mifugo yake ina kiu. Kiongozi hakuwahi kuwaambia wageni nani mwenye kosa. Aliwaacha wanywe maziwa kwa mmoja na kula wali kwa mwingine.

Sasa nije kwenye tete.

Njia ya kwenda kwenye maporomoko inaiacha barabara kubwa na kupanda kulia, na inakatiza mto mara tatu bila daraja. Gari linapita majini. Mto sitautaja, si kosa la mto. Kila tukifika kivuko cha kwanza, Kiongozi anakata tete bichi, bua moja refu la ukingoni, anatia alama moja ya kisu, analichomeka ukingoni alama ikiwa sawa na uso wa maji. Halafu tunakunywa chai. Wageni wanadhani ni mapumziko. Chai ikiisha, mtu anakwenda kutazama: maji yakiwa kwenye alama au chini yake, tunavuka. Yakipanda hata upana wa kidole, tunarudi, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani tusikoona, na tukishavuka mto unaweza kutufungia nyuma. Tete la safari iliyopita alikuwa halitumii. "Hilo linajua maji yake," anasema, na kulitupa.

Alikuwa na msemo wake: usimpeleke mgeni mahali usipoweza kumrudisha.

Siku hiyo tulikuwa na familia kutoka Dar es Salaam: mume, mke, na mama yake mke, bibi mwenye magoti mabovu aliyependa kuimba. Masika ilikuwa inaanza. Milimani kulikuwa na wingu, lakini kuna wingu karibu kila siku. Kiongozi alichomeka tete, tukanywa chai. Bibi aliomba kusogea kivulini, Kiongozi akamshika mkono, wakawa wanakwenda hatua moja moja wakicheka jambo lao.

"Dereva," akaniita. "Nenda ukatazame tete."

Nikaenda. Yaani nikaondoka. Nyuma ya matete pale kuna sehemu kavu iliyoinuka ambako simu inashika mtandao, na mke wangu alikuwa amenipigia mara mbili asubuhi. Nikasimama pale nikaongea naye. Lilikuwa jambo la kawaida la nyumbani, nimelitafuta kwenye daftari sikuliona, nadhani hata siku hiyohiyo halikustahili kuandikwa. Kutoka pale tete halionekani. Ilikuwa hatua kama ishirini zaidi, tope tupu. Nikajiambia: jua linawaka, maji yatapandaje? Nikarudi.

"Yako palepale," nikasema.

Kiongozi alinitazama. Halafu akasema, "Tunarudi Ifakara."

Mume alidhani hajasikia vizuri. "Lakini dereva amesema maji hayajapanda."

"Nimemsikia."

"Sasa tunarudi kwa nini?"

"Kwa sababu siwezi kuwavusha."

Yule mume alikasirika, na kwa haki niseme alikuwa na sababu: ametoka mbali, maporomoko yako nyuma ya kilima, na mtu aliyemkodi anakataa bila maelezo. Bibi peke yake alisema kwamba chai ilikuwa nzuri.

Jioni bosi akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Msimu ule Kiongozi alikuwa ameshageuza magari mengine mawili, na wageni walikuwa wanalalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Maji yalipanda, au hayakupanda?"

Nikasema, "Hayakupanda."

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi kuliko lile nililosema. Nimelifikiria sana, na sioni kwamba nilitaka kumdhuru. Niliona aibu tu kwamba nilitumwa jambo dogo sikulifanya. Kiongozi hakuitwa tena. Alikuja kijana mwingine, mchangamfu, anajua majina ya ndege kwa Kiingereza, sina neno baya juu yake. Na hata leo sijui kama siku ile mto ulifurika. Nilimuuliza yule mfugaji. Akasema anadhani ulijaa mchana, au labda ilikuwa kesho yake.

Misimu ya mvua ilipita mitatu. Nikaacha kazi pale, nikawa na gari langu mwenyewe, Noah kuukuu, nikawa nachukua wageni wa mmoja mmoja. Nikipita Michenga nilikuwa natazama mbele kama mtu anayewahi mazishi.

Mwaka huu, mpunga ulipokuwa umeshavunwa, nikapigiwa simu. Ni bibi wa Dar. Namba yangu aliichukua siku ile, eti kwa sababu nilimfungulia mlango.

"Dereva, hujambo? Magoti yananiambia mwaka huu ndio mwisho. Nataka kuyaona yale maporomoko."

"Karibu, mama. Nitakupeleka."

"Wewe na nani?"

"Mimi mwenyewe, mama. Njia naijua."

"Hapana. Namtaka yule mama aliyenishika mkono. Mkwe wangu alikasirika, mimi sikukasirika. Mtu anayekubali kuchukiwa ili usizame, huyo ndiye wa kwenda naye mtoni. Yupo?"

Nikasema yupo, na sikuwa na hakika hata kama yu hai.

Nilikwenda Michenga siku iliyofuata asubuhi. Nilimkuta uani ameanika mpunga kwenye turubai, anautembelea kwa miguu mitupu, anaburuta nyayo ili mpunga ugeuke. Amekonda. Nywele zote nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani? Dereva! Pitia pembeni, usinikanyagie mpunga na viatu vyako."

Nikapitia pembeni. Akaniuliza habari za nyumbani, mke, watoto kwa majina yao, wote aliwakumbuka. Halafu akaona gari njiani.

"La nani?"

"Langu, mama."

Akatoka kwenye turubai, akaenda akazunguka, kiganja kwenye kila tairi. "Hili la nyuma limechoka."

"Nimelinunua mwezi uliopita."

"Basi wamekuuzia lililochoka."

Akarudi kwenye mpunga wake. Nikajua nikimweleza kwanza habari ya bibi, sitasema lile jingine. Kwa hiyo nikaanza na lile jingine.

"Mama, siku ile mtoni, sikwenda kutazama tete."

Hakusimama. Aliendelea kuburuta nyayo, mistari inajichora kwenye mpunga.

"Najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ukingo ule tope linafika kwenye kifundo cha mguu. Ulikwenda na viatu vikavu, ukarudi na viatu vikavu."

Nikavitazama viatu vyangu.

"Sikuligeuza gari kwa ajili ya maji," akaendelea. "Maji sikuyajua, yalipanda au yalishuka. Niligeuza kwa ajili ya viatu vyako."

"Si ungekwenda kutazama mwenyewe, mama?"

"Ningekwenda, halafu? Mbele kulikuwa na vivuko viwili zaidi. Mkononi nina mama wa watu mwenye magoti mabovu. Ningekutuma tena, ungeniletea habari gani? Mto unaodanganya napita, najua pa kukanyaga. Mtu anayenidanganya sina pa kuweka mguu."

"Na kwa bosi, mbona hukunisema?"

"Aliniuliza kama maji yalipanda. Nikasema sijui, maana sikujua. Habari ya viatu hakuniuliza." Akafikia mwisho wa turubai, akageuka, ndipo akanitazama. "Nilikukasirikia masika mbili nzima, usidhani mimi ni malaika. Nilisema huyu atakuja kulisema mwenyewe. Sikujua utachelewa hivi."

Sikulia, lakini nimeandika kwenye daftari kwamba nilimwomba maji ya kunywa nikanywa vikombe vitatu, na sikuwa na kiu.

Ndipo nikamweleza habari ya bibi. Alicheka kwa furaha, akapiga mikono. "Yule mwimbaji! Yu hai?" "Nitakwenda. Lakini tete utatazama wewe. Vivuko vyote vitatu."

"Sawa, mama."

"Na bosi wako wa zamani?"

"Napita kwake leo."

Nilipita kweli. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, akazungusha kalamu mezani muda mrefu. "Kwa hiyo yule mama nilimwonea," akasema.

"Tulimwonea," nikasema. Akaomba namba yake ya simu, nikampa, kwa ruhusa niliyokuwa nimeshaiomba.

Tulisafiri siku ya tatu, watu watatu tu ndani ya Noah. Kiangazi, ukungu mwepesi, mpunga umebaki mabua na ng'ombe wanatembea humo kwa ruhusa au bila ruhusa. Kiongozi alifumba macho tulipovuka Katindiuka. Bibi aliimba. Kwa mzee wa Kisukuma tulikunywa maziwa, na mzee akamuuliza Kiongozi alikuwa amejificha wapi, ng'ombe wake wamekosa wa kuwahesabu.

Kwenye kivuko cha kwanza maji yalikuwa ya magotini, meupe, unaona kila jiwe. Nikasema, "Mama, na kiangazi hiki?" Alikuwa ameshakata tete. Akatia alama, akalichomeka, akaja kumimina chai.

Chai ilipoisha akamshika bibi mkono.

"Dereva. Nenda ukatazame tete."

Nilipita pale penye mtandao bila kusimama. Viatu vilikuwa vipya kidogo. Niliona vikizama, tope la baridi likaingia kwenye soksi. Nikachuchumaa mpaka pua ikakaribia maji. Alama ilikuwa juu, nyeupe, kavu. Nikapima kwa kidole, nikapima tena, nikarudi.

"Yameshuka, mama. Nusu kidole."

Bibi aliangalia chini akashtuka. "Masikini, dereva! Utaingia na matope hayo kwenye gari lako?"

"Ndiyo, mama."

Kiongozi hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama viatu vyangu, kimoja, halafu kingine, bila haraka, kama anavyotazama tairi. Kisha akamgeukia bibi, akamvuta taratibu kuelekea mlangoni.

"Panda, dada," akamwambia. "Tunavuka."